Land Rover ya Zamani: Usilipie Hadithi, Lipia Chesisi

Kila msimu wa korosho unapoelekea ukingoni na malipo ya minada yanapoanza kuingia kwa wakulima, miji ya Masasi na Newala huchangamka. Bati, saruji na pikipiki hununuliwa kwa wingi. Wapo pia wanaotaka fedha yao izae kabla msimu mwingine haujafika, na hao ndio madalali huwaendea kwanza.

Bidhaa inayozungumzwa sana siku hizi na watu wa aina hiyo si shamba wala kiwanja, bali ni Land Rover za zamani. Tangu tamasha la Land Rover lifanyike Arusha Oktoba 2024 na kukusanya magari kwa mamia, kila mwenye 109 imeegeshwa nyuma ya nyumba amesikia kwamba ana dhahabu. Dalali naye amesikia, tena amesikia zaidi.

Wiki chache zilizopita mfanyabiashara mmoja mdogo wa Masasi, ambaye kazi yake ni mbaazi na mchele, alituomba tumsindikize Newala akaone gari. Dalali alikuwa amemwambia kwamba ni Land Rover 109 ya mwaka 1964, "orijino, haijaguswa", na kwamba yupo Mzungu mmoja Arusha aliye tayari kulipa mara tatu ya bei inayotakiwa. Bwana huyu alikuwa na fedha ya msimu mzima, na nusu yake ilikuwa ya dada yake, mjane mwenye watoto watatu shuleni.

Safu hii haipingi biashara ya magari ya kale. Ni biashara halali na faida ipo. Tunachopinga ni kununua hadithi kwa bei ya gari. Msimamo wetu ni huu: katika gari la zamani, thamani ni ile tu unayoweza kuithibitisha kwa chesisi na kwa karatasi. Yanayobaki ni maneno, na maneno hayana bei.

KWA NINI GARI HILI, KWA NINI HUKU

Si ajabu kwamba uwanda wa Makonde una mabaki mengi ya magari haya. Ukitoka Masasi kwenye milima ya mawe na kupanda kwenda Newala, unaingia katika nchi ya mchanga isiyo na mito, ambako maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 kwenye mto Rufiji, mikoa ya kusini ilikuwa kama kisiwa wakati wa masika. Hadi leo ujenzi wa lami kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi umekwenda kwa vipande.

Katika hali hiyo, gari lililoweza kufika ni Land Rover. Wamisionari wa Masasi na Ndanda walilitumia, na idara za serikali vilevile. Miradi ya maji iliyofadhiliwa na Finland tangu miaka ya 1970, na baadaye mpango wa RIPS uliodumu hadi mwaka 2005, nayo ililihitaji. Magari hayo yalipochoka yaliuzwa kwa watu binafsi, yakawa ya abiria, ya mizigo, ya kubeba wagonjwa na maiti. Yaliharibika yakatengenezwa, yakaharibika tena yakatengenezwa. Gari moja likifa, viungo vyake vilihamia kwa jirani.

Hapo ndipo penye faida na ndipo penye hatari. Land Rover iliyofanya kazi huku miaka 40 mara nyingi si gari moja. Ni magari matatu au manne yaliyokutana gereji.

WENZETU WALIKWISHAPATA SOMO

Tatizo hili halikuanzia Newala. Marekani wana magari yao ya fahari ya miaka ya 1960 na 1970, yenye bodi ya kawaida na injini kubwa kupita kiasi. Plymouth Hemi 'Cuda moja ya wazi ya mwaka 1971 iliuzwa kwenye mnada Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Bei za namna hiyo zimezaa mafundi wa kughushi. Pontiac GTO ilipotoka mwaka 1964 haikuwa gari la peke yake. Ilikuwa ni Pontiac LeMans iliyoongezewa injini na vikorokoro kwa malipo ya ziada. Hivyo mjanja hununua LeMans ya bei nafuu, akabandika nembo, akapiga rangi, akaiita GTO.

Wanunuzi wa kule wamejifunza kutotazama rangi. Wanauliza kama namba za injini na gia boksi ni zile zilizotoka na gari kiwandani. Kwa GTO za mwaka 1966 hadi 1971 wanajua kwamba namba ya gari lazima ianze na 242. Isipoanza hivyo, mazungumzo yamekwisha, hata kama gari linang'aa kama kioo.

Sisi wa kusini tuna akili hiyo hiyo, ila huwa tunaisahau tukiona gari. Hakuna mnunuzi wa korosho anayenunua gunia kwa kutazama maganda. Hupasua, akaona punje, akajua ngapi zimeoza na ngapi ni nzima. Hakuna mfanyabiashara mzoefu wa vinyago anayenunua mpingo kwa weusi wake. Hukipima uzito mkononi na kukikwaruza chini kidogo, maana mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu nao ni mweusi. Basi gari nalo lipasuliwe.

KADI KWANZA, BONETI BAADAYE

Tulipofika Newala dalali alikimbilia kufungua boneti. Tukamwomba asubiri. Mwenye gari alikuwa mzee wa makamo ya babu zetu, amekaa barazani. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba, tukaomba kwa adabu kuona kadi ya gari kabla ya gari lenyewe. Mzee aliingia ndani akatoka na sanduku la bati.

Msomaji, fanya hivyo daima. Kadi itakupa jina la mmiliki, namba ya chesisi, namba ya injini na mwaka. Kama jina si la anayeuza, uliza mlolongo: nani alimuuzia nani, na hati za mauziano ziko wapi. Kama mmiliki amefariki, nani msimamizi wa mirathi? Gari linaweza kuwa halisi kabisa, na bado usiweze kulihamishia kwa jina lako.

Usidanganywe na namba ya usajili. Namba za sasa zinazoanza na T zilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na magari ya zamani yalisajiliwa upya. Kwa hiyo gari la mwaka 1970 linaweza kuwa na namba inayofanana na ya gari lililoletwa mwaka 2003. Kibao cha namba hakisemi umri. Aidha, gari lililokuwa limekufa kabla ya mabadiliko hayo huenda halina usajili wa sasa hata kidogo. Kalionee TRA utaratibu wake kabla ya kutoa senti.

Jambo lingine ambalo wengi hulikanyaga ni msamaha wa kodi. Magari mengi ya misheni na ya miradi, yale yenye namba za DFP, yaliingia nchini bila kulipiwa ushuru. Gari kama hilo likienda kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hudaiwa. Ukinunua bila uthibitisho kwamba ulilipwa, au bila hati za mnada halali kwa gari lililokuwa la serikali, umenunua deni lenye magurudumu manne. Na kwa kuwa tuko mpakani, wapeleke polisi wakague namba kabla ya malipo.

NAMBA TATU ZISEME NENO MOJA

Baada ya kadi ndipo tunakwenda kwenye gari, tena chini yake. Land Rover za Series II, IIA na III zina namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, pale kichwa cha springi kinaposhikwa. Mara nyingi imefunikwa na grisi na rangi. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, sugua taratibu. Pili, kuna kibati chenye namba ndani ya gari. Tatu, injini ya lita 2.25 ina namba yake ubavuni, mbele upande wa kushoto.

Namba ya kwenye chuma, ya kwenye kibati na ya kwenye kadi lazima ziwe moja. Zikipishana, amini chuma, maana kibati kinashikwa na riveti nne tu, na riveti hutolewa kwa dakika tano. Tazama pia kama chuma chenye namba kimechomelewa pembeni. Chesisi iliyokatwa mbele na kuunganishwa kipande cha gari jingine ni jambo la kawaida, na si kila mara ni wizi. Pengine fundi aliokoa gari lililooza. Lakini kwa mnunuzi wa vitu vya kale, gari hilo si lile tena.

Kwa magari ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 namba ni ndefu, tarakimu na herufi 17, nayo huanza na SAL. Kwa zile za 110 na Defender, herufi ya 10 hutaja mwaka wa toleo. Kwa mfano L ni 1994 na M ni 1995. Herufi ya 11 ikiwa A, gari liliundwa Solihull, Uingereza. Ikiwa F, lilisafirishwa vipande vipande likaunganishwa kwingine, kama lilivyokuwa likifanyika Thika, Kenya. Hilo si kasoro, ila anayekuapia kwamba gari "limeshuka moja kwa moja kutoka Uingereza" atakuwa amekuongopea.

Ukiwa na namba sahihi ya chesisi, ipo ngazi moja zaidi. Makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, huhifadhi vitabu vya kiwanda na hutoa cheti kwa malipo. Cheti hicho hutaja siku gari lilipotengenezwa, namba ya injini iliyowekwa na mahali lilikopelekwa. Gari lenye cheti kinachosema lilipelekwa Dar es Salaam, na kadi inayoonyesha lilikaa kusini maisha yake yote, lina hadithi yenye ushahidi, na hadithi ya namna hiyo hulipiwa.

UMRI USOMWE KWENYE GARI LENYEWE

Dalali wetu alisema 1964. Gari lilisema mengine. Series IIA zilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Kwenye IIA, saa za mwendo na mafuta ziko katikati ya dashibodi. Kwenye III ziko mbele ya dereva. IIA za mwaka 1964 zina taa kubwa za mbele zilizokaa katikati karibu na rejeta. Kuhamia kwenye mabawa kulikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Gari hili lilikuwa na taa kwenye mabawa na saa mbele ya dereva.

Liendeshe pia. Gia boksi ya Series III hukubali kurudi gia ya pili na ya kwanza bila kupiga kelele. Ya IIA husaga usipojua kukanyaga klachi mara mbili. Gari likiitwa la mwaka 1964 na gia zote zinaingia laini kama siagi, basi gia boksi imetoka kwingine. Jaribu na kile kijiti chenye kichwa cha njano na kile chekundu, na usijaribu kwenye lami ya Masasi. Omba mchanga. Gari lisiloweza kuvuta kwa magurudumu manne huku kwetu ni banda la kuku.

Yupo pia anayeuza "Defender ya mwaka 1985". Jina la Defender lilianza mwaka 1990. Kabla ya hapo gari lile lile liliitwa 90 au 110. Kosa hili peke yake si dhambi, kwani watu wengi hutumia jina hilo kwa mazoea. Lakini mtu anayekutajia mwaka na jina visivyoafikiana, mengine aliyokuambia nayo yapime mara mbili.

SUMAKU NA NYUNDO

Vifaa vya ukaguzi havizidi bei ya soda mbili tatu. Nenda na sumaku ndogo na nyundo ndogo. Mabawa, paa na ngozi ya milango ya Land Rover ni aluminiamu, na sumaku haishiki hapo. Ikishika, kipande hicho kimetengenezwa mtaani kwa bati. Usiishie hapo, gonga kwa kidole usikie kama chini ya rangi kuna fila.

Ajabu ya gari hili ni kwamba bodi haili kutu huku mifupa yake ikioza. Chesisi ni chuma chenye uwazi ndani, na kutu huanzia ndani ambako hakuna jicho linalofika. Gari lililokaa Mtwara au Lindi kwenye chumvi ya bahari hupata maradhi haya mapema kuliko la Newala. Gonga chesisi kwa nyundo toka mbele hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti ya debe. Kagua ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa miguuni pa dereva. Huo nao ni chuma, na kuutengeneza ni kazi ghali.

Kuhusu injini, tuwe wakweli. Land Rover nyingi za kusini zimewekewa injini ya dizeli ya Toyota au Nissan. Kwa anayebeba mizigo huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu spea zinapatikana na mafuta hayanywewi kama maji. Kwa mkusanyaji wa magari ya kale ni pungufu kubwa. Gari ni lile lile, bei ni mbili. Kwa hiyo jiulize kwanza unamnunulia nani.

BEI TATU ZA GARI MOJA

Hapa ndipo wawekezaji wadogo wengi huteleza. Land Rover ya zamani ina bei tatu. Ipo bei ya kazi, ambayo hupimwa kwa fedha gari litakayoingiza. Ipo bei ya spea, ambayo ni jumla ya viungo vizima ukivitoa kimoja kimoja. Na ipo bei ya mkusanyaji, ambayo ni ya mtu wa mbali anayelipia uhalisi. Dalali huuza kwa bei ya tatu gari linalostahili ya kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Takwimu hizi ni za kufundishia, si bei za soko; weka zako. Tuseme gari baada ya kulipa dizeli, dereva na matengenezo hubakiza Sh. 400,000 kwa mwezi, na kwa sababu ya masika hufanya kazi miezi 9. Hiyo ni Sh. 3,600,000 kwa mwaka. Ukitaka fedha yako irudi kwa miaka 2, kikomo chako ni Sh. 7,200,000. Ondoa Sh. 1,500,000 za kurekebisha chesisi kwanza. Bei ya kazi ni Sh. 5,700,000. Anayetaka zaidi ya hapo mwache na gari lake.

Sasa tumpe dalali nafasi. Tuseme kweli yupo mkusanyaji atakayelipa Sh. 30,000,000 kwa gari lililofufuliwa kwa usahihi. Kulifufua kwa vipuri halisi Sh. 12,000,000. Kulisafirisha hadi Dar es Salaam, mwendo wa takriban kilomita 600, pamoja na hati na kamisheni, Sh. 3,000,000. Inabaki Sh. 15,000,000. Lakini je, mnunuzi huyo umemwona kwa macho? Kama katika wanaosema watanunua watatu hununua mmoja, basi nafasi yako ni theluthi, na hesabu inakupa Sh. 5,000,000. Hata ndoto ya dalali, ukiipiga hesabu, haifiki bei ya kazi.

Wapo watakaosema soko la Marekani halina kikomo. Ni kweli kwamba sheria za kule huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila masharti ya usalama ya magari mapya, na ndiyo sababu Defender za zamani hutafutwa. Lakini ndiyo sababu pia umri wake hughushiwa. Mwaka 2013 forodha ya Marekani ilitangaza kuiponda Defender moja iliyoingizwa kwa namba ya gari lenye umri mkubwa zaidi. Mwaka 2014 wakakamata nyingine kadhaa za watu binafsi kwa tuhuma za aina hiyo, ingawa baadaye nyingi zilirudishwa. Kibati kilichohamishwa Newala kinaweza kumgharimu mtu gari zima ng'ambo, na mnunuzi wa namna hiyo hatarudi kusini mara ya pili.

KILICHOKUWA NYUMA YA NYUMBA

Tuwarudishe barazani kwa mzee. Tuliposugua chesisi, namba ilikuwa sawa na ya kwenye kadi, na kadi ilisema 1975. Kibati ndani kilikuwa na namba nyingine kabisa, kimeshikwa na skrubu mpya zinazong'aa. Injini ilikuwa ya Toyota.

Mfanyabiashara wetu alikasirika, akamgeukia mzee. Mzee hakushtuka. "Mwanangu," alisema, "mimi sijasema gari hili ni la mwaka 1964. Nilisema ninalo la mwaka 1964. Kibati kile huyu kijana alikichukua wiki iliyopita, akasema anakwenda kukisafisha."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Chini ya mkorosho palikuwa na mzoga wa 109, hauna injini, hauna milango, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Taa zilikaa katikati, karibu na rejeta. Tulisugua chuma mbele upande wa kulia, namba ikatokea, nayo ilikuwa sawa na kile kibati, na sawa na kadi kuukuu iliyokuwa chini kabisa ya sanduku la bati. Tuligonga chesisi toka mbele hadi nyuma, ikalia. Dalali alikuwa hayupo tena. Alisema anakwenda kununua vocha.

Mzee akatueleza kwamba wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wamekwisha kuuulizia mzoga ule, kwa kilo. Alikuwa akingoja warudi.

Mpenzi msomaji, tafakari jambo hilo. Gari lililotengenezwa kwa viungo mchanganyiko lilikuwa likiuzwa kwa bei ya makumbusho, na lile halisi lilikuwa likingojea mizani ya chuma chakavu. Makosa hayo mawili yanatokana na chanzo kimoja, nacho ni kwamba hakuna aliyeinama kusoma namba.

USHAURI WETU

Kwa wanunuzi: msitoe hata ahadi kabla kadi, chuma na kibati havijaafikiana. Mpeni fundi mnayemwamini siku moja na ujira wake. Ni nafuu kuliko majuto. Lipeni bei ya kazi kwa gari la kazi. Anayedai ziada kwa ajili ya uhalisi, ziada hiyo ailete kwa maandishi. Na mnunuzi wa mbali asiyeonekana, bei yake isiingie katika hesabu zenu.

Kwa wenye magari: msiruhusu mtu ang'oe kibati "akakisafishe". Kadi kuukuu, risiti, hata picha ya gari likiwa jipya mbele ya kanisa au ofisi ya mradi, wekeni pamoja mahali pakavu. Msikate chesisi nzima ili kuokoa iliyooza bila kwanza kujua ni ipi yenye thamani. Na kabla ya kuuza kwa kilo, andikeni namba ya chesisi na mwaka, mkaulize zaidi ya mtu mmoja.

Kwa madalali: kamisheni ya kweli hudumu. Uwanda huu ni mdogo, na jina la mtu hufika Tandahimba kabla yake.

Mfanyabiashara wetu alizungumza na mzee ana kwa ana, akanunua ile ya mwaka 1975 kwa bei ya kazi, iliyokuwa chini ya nusu ya aliyotajiwa na dalali. Sasa inabeba mbaazi, na fedha ya dada yake imebaki benki, maana haikuhitajika. Kibati cha mwaka 1964 kilirudi kwenye sanduku la bati. Mzoga bado uko chini ya mkorosho na mzee amekataa mizani. Anasubiri majibu ya barua kutoka Gaydon, nasi tumemwahidi kumsomea yatakapofika.